Nilivyomjengea Tata Linux kutoka source, ikanyamaza, tukaijenga upya pamoja

Wakuu, salaam kutoka Bukoba. Mvua imekatika, wateja wamepungua, na mimi nimepata nafasi ya kukaa na keyboard kwa shughuli yangu mwenyewe.

Nimesoma humu kimya kimya muda mrefu. Nimechekeshwa, nimefundishwa, na mara moja moja nimekasirishwa. Leo ni zamu yangu. Nitakayoandika yametokea nyumbani kwetu, sijaongeza chumvi, na mhusika mwenyewe amenipa ruhusa baada ya kuniuliza mara kadhaa kama nitamsema vibaya.

Uzi unahusu package management, yaani namna ya kujua kila programu imeweka faili zipi na wapi, kwa sisi tunaojijengea Linux kutoka source code. Kama hujui hata Linux ni nini, usikimbie. Nitaeleza kwa lugha ya nyumbani, na kusema kweli habari hii ni ya mzee wangu kuliko ya kompyuta.

Twende.

Mimi ni mwanamke, fundi kompyuta. Naishi Bilele, kijiofisi changu kiko Bakoba. Kwetu ni Muleba, na huko ndiko waliko wazazi wangu, kwenye kibanja chao cha migomba na kahawa.

Baba yangu namwita Tata, kama tunavyoita Wahaya. Alikuwa mwalimu wa hesabu, baadaye mwalimu mkuu wa shule ya bweni hadi alipostaafu. Ni mtu wa kusoma. Hata gazeti lililofungiwa nyama alikuwa analikunjua, analinyoosha kwa kiganja, analisoma mpaka mwisho.

Kisha ikaja presha ya macho.

Jicho la kwanza lilififia polepole, hakumwambia mtu. La pili lilipoanza ndipo Mama alipogundua, maana Tata alikuwa anamwaga chai nje ya kikombe. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa kilichopotea hakirudi. Ndani ya muda si mrefu Tata akawa haoni kabisa.

Wakuu, sitaki kuwatia huzuni, lakini lazima mjue hali ilivyokuwa. Aliacha kwenda kusali jumuiya. Aliacha kukagua kahawa yake. Watu wakija kumsalimia anajibu vizuri, kisha anakaa. Mama akanipigia siku moja akasema, "Baba yako yupo, lakini ni kama ameshaondoka."

Maneno hayo yalinikaa moyoni.

Nilianza na simu ya kisasa, ile inayosoma maandishi kwenye skrini kwa sauti. Najua kuna mtu alikuwa ameshashika keyboard aniulize. Tulijaribu. Tata aliichukia. Kioo hakina vitufe, kila akigusa kinafungua kitu asichokitaka, mwishowe akampigia padre wakati anatafuta redio.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimekisahau. Tata alipokuwa mwalimu mkuu alikuwa anachapa mitihani mwenyewe kwa taipureta. Vidole vyake vinajua herufi zilipo bila macho. Alihitaji keyboard ya kweli, yenye vitufe vya kubonyea, na mashine inayosema kila anachoandika.

Ofisini nilikuwa na desktop moja ya zamani, mteja aliitelekeza. Processor yake ni ya 32-bit, RAM ni ya kuhurumia. Nikajaribu kuiwekea Linux zilizo tayari. Za kisasa zimeacha kutengenezwa kwa mashine za aina ile. Za zamani zilikubali, ila sauti yake ya Kiswahili ilikuwa mbovu na sikuweza kuisasisha.

Nikasema basi, naijenga mwenyewe.

Kwa wasiojua: Linux nyingi unapewa zikiwa zimeiva. Unapakua, unasakinisha, unatumia. Kujenga kutoka source ni kuchukua code mbichi ya kila programu, moja baada ya nyingine, unaicompile kwenye mashine yako mpaka upate mfumo mzima. Ni kazi ndefu. Faida yake ni kwamba unaweka unachohitaji tu, na mashine ya kuhurumia inakuwa nyepesi.

Nilijenga kwa wiki nyingi, kati ya mteja na mteja. Hakuna madirisha, hakuna picha, hakuna mouse. Ni maandishi tu, screen reader inayoyasoma, na programu ya kutoa sauti.

Nikaibeba mpaka Muleba. Nikaiweka mezani sebuleni, nikamkalisha Tata, nikashika mkono wake nikauweka kwenye keyboard.

"Andika chochote," nikamwambia.

Akaandika jina lake. Mashine ikalitamka.

Akapapasa vitufe. Kisha akaandika tena, safari hii jina la Mama. Ikalitamka. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, "Mae! Nani kaniita?"

Tata alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kufutia uso. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu macho yamwishie.

Akaipa ile sauti jina: Katibu. Kwa sababu, alisema, mwalimu mkuu hawezi kufanya kazi bila katibu.

Katibu alikuwa na kasoro moja. Kiswahili anasoma sawa, lakini majina yetu ya Kihaya anayavunja vunja. Rwegasira ilikuwa inatoka kama gari linalokataa kuwaka. Kwa hiyo kila nikienda Muleba tulikuwa tunakaa na Tata, yeye anatamka, mimi naandika sheria za matamshi kwenye faili, tunajaribu, tunacheka, tunarekebisha. Faili ile ilinenepa. Katibu akawa anataja ukoo mzima bila kigugumizi.

Nyumba ikabadilika. Tata akawa anasoma habari, anasoma masomo ya Jumapili mapema, anaandika maswali ya hesabu kwa watoto wa jirani. Akarudi jumuiya. Mama akaanza kulalamika kwamba Katibu anaongea kuliko yeye, lakini analalamika huku anampelekea Tata kahawa pale mezani.

Na Tata, kwa kuwa ni Tata, hakutosheka kuitumia mashine. Alitaka kujua inaendaje. Nikimfanyia kazi alikuwa ananiambia, "Soma kwa sauti unachoandika." Nami nasoma zile amri za kuandaa, kujenga na kusakinisha. Configure. Make. Make install. Anaitikia kwa kichwa kama anayesikiliza mwanafunzi akisema jedwali la kuzidisha.

Sikujua kwamba anakariri.

Sasa sikilizeni. Shangazi yangu, mdogo wake Tata, ni mtawa. Mwaka huo alikuwa anaadhimisha jubilei ya fedha ya utawa wake, parokiani kwetu. Familia ikamwomba Tata azungumze kwa niaba ya ukoo. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusimama mbele ya watu tangu apofuke.

Akaanza kuandika hotuba. Anaandika, Katibu anamsomea, anafuta, anaandika tena. Mama anasema alikuwa anarudia sentensi moja mpaka kuku wa jirani wakaijua.

Katikati ya maandalizi akanipigia. Alikuwa amesoma mahali kwamba kuna toleo jipya la programu ya sauti, linatamka vizuri zaidi. Alitaka hotuba aisikie kwa sauti nzuri.

"Subiri Tata, nikija nitaliweka."

"Sawa mama," akasema.

Wakuu, mzee akikujibu "sawa mama" kwa upole ule, jua hajakubali.

Alipakua mwenyewe kwa intaneti ya simu ya Mama. Toleo jipya likadai library mpya ya sauti, yaani fungu la code ambalo programu nyingine huliegemea, akaipakua nayo. Akaandika zile amri alizozikariri. Configure. Make. Make install. Zote zikapita. Yaani kipofu, peke yake, akacompile programu mbili kwenye mashine ile. Mpaka leo najivunia hilo.

Kisha akaizima na kuiwasha.

Kimya.

Simu ilikuja kwa namba ya Mama, lakini aliyekuwa anaongea ni yeye. "Mwanangu, Katibu hasemi."

"Amesema nini mara ya mwisho?"

"Hajasema kitu. Nimemwita, nimebonyeza kila kitufe. Hasemi." Kisha akashusha sauti. "Nadhani nimemuua."

Kesho yake asubuhi nilifunga ofisi nikaenda Muleba.

Nilimkuta amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani. Mama alinionyesha kwa macho: ndivyo alivyo tangu jana. Nikamsalimia, "Shikamoo Tata." Akaitikia bila kugeuka.

Niliwasha. Kwenye skrini kosa lilikuwa wazi: screen reader inaita kitu ambacho library ya sauti haina tena. Library mpya ilikuwa imekaa juu ya ile ya zamani, imeifuta. Programu mpya ya sauti nayo ilikuwa imekaa juu ya ya zamani, na ilipoingia ikafuta faili letu la matamshi ya Kihaya.

Kwangu mimi ninayeona, ni kosa la mistari miwili. Kwa Tata ilikuwa mashine iliyokufa, maana njia pekee ya kujua tatizo ilikuwa hiyo hiyo sauti iliyokatika.

Nikasema rahisi, nairudisha library ya zamani. Source yake nilikuwa nayo kwenye laptop. Nikaicompile, nikaisakinisha. Katibu akaamka, akasema, "Kari," akakata hapo hapo.

Tata alikuwa ameshanyanyuka kwenye kiti. Akakaa tena taratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa tatizo. Faili za zamani na mpya zilikuwa zimechanganyika kwenye folder zile zile, na hakuna namna ya kujua ipi ni ya nani. Nilikuwa nimejenga mfumo mzima kwa make install, kila programu inamwaga vitu vyake humo ndani. Hakuna package manager, hakuna kumbukumbu. Make uninstall, ile amri ya kuondoa? Programu moja ilikuwa nayo, nyingine haikuwa nayo.

Najua mnachotaka kuandika. Backup iko wapi? Haikuwepo. Endeleeni kusoma.

Nikamwambia, "Tata, hotuba yenyewe ipo, haijapotea. Ngoja nikusomee mimi, uikariri."

"Sitaki kusomewa hotuba yangu."

"Kwa nini?"

"Nikisomewa na wewe, kila ninapobadilisha neno nitakuwa nakuomba. Katibu simwombi, namwagiza."

Nikafunga laptop. Tukatoka nje, tukakaa karibu na mikeka ya kahawa iliyoanikwa. Mama akaleta ndizi za kuchoma. Tulikula, kisha Tata akafuta vidole akasema, "Nieleze kilichotokea. Usieleze kama fundi. Eleza kama kwa mtoto wa darasa la sita aliyechelewa kufika."

"Ukisakinisha programu, inatawanya vitu vyake. Vingine kabati hili, vingine lile. Na nyingine hivyo hivyo, kabati zile zile."

"Vina alama ya mwenye mali?"

"Havina."

"Na ikija nyingine yenye kitu cha jina lile lile?"

"Inafuta cha mwanzo."

Akaanza kucheka. "Waitu, jamani, umenipa bweni la wavulana!"

Akanisimulia. Alipohamishiwa ile shule ya bweni aliwakuta wavulana wanarundika kila kitu kwenye rafu za pamoja. Sabuni, mashati, madaftari. Mwanafunzi akihama, hakuna anayejua kipi aondoke nacho, na ugomvi hauishi. Yeye akaamuru kila mmoja awe na tranka lake la bati. Mali yote ikae kwenye tranka. Kwenye rafu unaweka unachotumia leo tu. Ukihama, unaondoa vyako rafuni, unabeba tranka, unakwenda.

"Mashine yako haiwezi kuwa na matranka?" akauliza.

Wakuu, inaweza. Na ni njia inayojulikana kabisa, nilikuwa nimeisoma nikaiona ni kazi ya ziada.

Niseme kidogo kwa mafundi wenzangu. Wanaojenga kutoka source wana namna nyingi za kusimamia packages. Kuna wanaoweka yote kichwani, kama mimi wakati ule. Kuna wanaoweka alama ya muda kabla ya kusakinisha, kisha wanatafuta faili zote zilizozaliwa baada ya hapo. Kuna wanaofuatilia amri ya kusakinisha inaandika wapi na kuhifadhi orodha. Kuna wanaoifungulia kila program user wake, kwa hiyo faili inajulikana kwa mwenyewe. Kuna wanaosakinisha kwanza kwenye folder la uongo kwa DESTDIR, wanafunga kila kitu kuwa kifurushi kimoja, ndipo wanakifungua kwenye mfumo. Na kuna hawa wa matranka: kila program na kila toleo lina folder lake, halafu kwenye /usr, ile rafu ya pamoja, unaweka symlinks tu, yaani vielekezi. Ukitaka kuitoa, unafuta vielekezi. Folder linabaki. Ukitaka kuirudisha, unaviweka tena.

Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoichagua, tukaichanganya na DESTDIR ili nijenge Bukoba kwenye laptop yangu yenye nguvu na kubeba vifurushi kwenye flash. Hatukutaka kuvisumbua vile vya msingi kama C library, hivyo viliachwa palepale. Mwenye njia bora aseme chini.

Pale pale kwenye mikeka tukaanza kupanga zana yetu. Ni shell script fupi, yaani amri zilizopangwa kwenye faili moja, si kitu cha kujivunia kwa ukubwa. Lakini Tata alitoa masharti.

La kwanza, amri ziwe za Kiswahili. Maneno mafupi ambayo hayafanani kwa kusikia. Tukapata weka, toa, na rudisha.

"Ongeza nani," akasema.

"Nani ifanye nini?"

"Nikigusa kitu, niulize ni cha nani. Mwalimu akiokota shati anauliza ni la nani. Nisingekuwa na swali hilo bweni lisingesimama."

Ikaongezwa. Unaandika nani, kisha jina la faili, unaambiwa ni ya program ipi na toleo gani.

Sharti la pili ndilo lililonifanya niache kuandika nikamtazama.

"Katibu akizimia tena, nitaandika rudisha. Sawa. Nitajuaje kwamba imefika?"

Kweli. Mimi ningeona kwenye skrini. Yeye angekuwa anaandika gizani na kimya, bila kujua kama amri imefanya kazi au amekosea herufi.

Nikakumbuka kwamba desktop za zamani zina kispika kidogo ndani, kile kinachopiga mlio mashine ikiwaka. Hakitegemei library yoyote ya sauti. Tukakubaliana: amri ikifaulu, mlio mmoja mfupi. Ikishindwa, mrefu. Na shell inayoendesha rudisha, ile programu inayopokea amri, nikaijenga static, yaani imebeba kila inachohitaji ndani yake. Hata library zote zikiharibika, yenyewe inafanya kazi.

Nilirudi Bukoba nikajenga upya. Ilikuwa wiki ya tabu. Umeme ulikatika katikati ya kucompile mara nyingi tu, nashukuru make inajua kuendelea ilipoishia. Program moja ilikataa kabisa kuheshimu DESTDIR, ikamwaga faili zake kwenye laptop yangu ya kazi, ikaniharibia printer mbele ya mteja. Mteja akaniuliza kama mimi ndiye fundi au nimemshikia mwenyewe ofisi. Nikamwambia fundi katoka.

Faili la Kihaya? Nakala ilikuwepo kwenye simu yangu, lakini ya zamani, nusu ya majina haikuwemo. Hiyo nusu tukaianza upya kwa simu. Tata ananitamkia, mimi naandika. Safari hii nikalifanya package inayojitegemea, lina tranka lake, hakuna toleo la program ya sauti litakalolikanyaga tena.

Nikaenda Muleba na flash. Jubilei ilikuwa Jumamosi hiyo.

Nilifuta mchanganyiko wote, nikaacha msingi, nikaanza kuweka vifurushi. Kila weka ikifaulu kile kispika kinalia, tii. Tata amekaa pembeni, kila mlio anaitikia kwa kichwa. Mama akaacha jiko akaja kusimama nyuma yetu na mwiko mkononi.

Nikaiwasha upya. Nikampisha kiti.

Katibu akasema, "Karibu Mwalimu. Mfumo uko tayari."

Tata hakuandika chochote kwanza. Aliweka viganja viwili juu ya keyboard akaviacha hapo, kama mtu anayepasha mikono. Kisha akafungua hotuba yake. Katibu akaanza kusoma, akafika kwenye jina la bibi yetu, jina refu la Kihaya, akalitamka kama mtu aliyezaliwa kwenye kibanja kile.

"Mama Koku," Tata akamwambia mke wake, "umesikia?"

"Nimesikia," Mama akasema. "Chakula kinaungua." Akaondoka haraka, na mimi niliona kwa nini.

Jumamosi watu walijaa. Walikuja hadi wanafunzi wake wa zamani, mmoja sasa ananunua samaki kisiwani Goziba, alivuka kwa boti alfajiri na masangara ya kutosha ukumbi mzima. Shangazi alikaa mbele na masista wenzake, amependeza, anacheka cheka.

Nikamshika Tata mkono mpaka kwenye kipaza sauti, nikasogea pembeni. Hakuwa na karatasi. Alizungumza kwa utulivu, alimtaja dada yake tangu alipokuwa binti mdogo anayekataa kwenda shamba kwa sababu anaogopa siafu. Watu wakacheka. Alipofika mahali pa kushukuru, akasita.

Nikadhani amesahau. Nikaanza kusogea.

Akasema, "Nilikuwa nimeandika maneno mengine hapa. Nayabadilisha." Kisha akamwambia Shangazi kwa Kihaya kwamba macho yalipoisha alidhani hatamwona tena, lakini leo anamsikia anavyocheka, na kicheko chake hakijazeeka.

Shangazi alinyanyuka, akapita kati ya viti, akamkumbatia palepale kwenye kipaza sauti. Tulisikia pua yake ikivuta kwa spika zote za ukumbi. Hakuna aliyeona aibu.

Mngeweza kudhani nimemaliza. Bado kidogo.

Baada ya jubilei nilirudi kwenye kazi zangu. Siku moja mchana niko ofisini, nimefungua laptop ya mtu, screw zimetapakaa, simu ikaita. Tata.

"Nimeweka toleo jipya," akasema.

Nikashusha bisibisi. "La nini?"

"La sauti. Limetoka jingine. Nikatengeneza tranka lake, nikaliweka. Katibu akanyamaza."

Nikaanza kuhesabu kichwani gari la saa ngapi litanifikisha Muleba.

"Nikaandika rudisha," akaendelea. "Kimya. Ila kispika kikanipigia mlio mrefu. Nikajua nimekosea herufi. Nikaandika tena polepole. Tii. Akarudi."

"Kwa hiyo anasema?"

"Anasema. Nimekupigia kukujulisha tu. Endelea na kazi mama."

Akakata simu.

Nilikaa pale na laptop ya watu wazi mbele yangu, sikumbuki tena screw ipi ilitoka wapi.

Nilichojifunza, wakuu.

Kwanza kwa mafundi. Ukijenga kutoka source bila kujua faili ipi ni ya nani, hujajenga, umerundika. Siku mambo yako sawa hutaona tofauti. Chagua njia yoyote ya kusimamia packages, hata iwe script ya mistari michache, ilimradi uweze kurudi ulipotoka. Na ile njia ya kurudi isitegemee kitu kile kile kinachoweza kuharibika.

Pili ni kwa wenye wazazi. Mimi nilikuwa nampa Tata mashine, nikitegemea asiiguse mahali pa hatari. Nilidhani huko ndiko kumtunza. Kumbe alichokuwa anakosa tangu macho yaishe si kusoma tu. Alikosa kuwa mtu anayeweza kuharibu kitu na kukitengeneza mwenyewe, bila kumwita mtoto wake. Sasa anaharibu kila mara. Ana furaha sana.

Nakaribisha maswali, maoni, na ukosoaji wa script. Wenye wazazi wasioona na mnataka kujaribu, semeni, nitasaidia ninapoweza. Wanaojua namna nzuri zaidi ya kushughulikia vielekezi pale program mbili zinapogombea faili moja, naomba sana mnielekeze, hapo bado nahangaika.

Ombi moja tu. Andikeni maneno kamili, msifupishe, na alama za uandishi ziwepo. Uzi huu Tata anausikiliza kwa Katibu, na ameniambia atapitia majibu yote jioni baada ya kahawa. Mkiandika ovyo atasahihisha, na mimi sitawatetea.